Mshindani anajua bei yangu kabla ya mkulima. Nimlipe mpelelezi?

"Kaka, habari za kazi. Nina kampuni ndogo ya kununua na kufungasha parachichi, ofisi iko Tukuyu. Tunanunua Rungwe na Busokelo, na msimu ukichanganya tunafika hadi Njombe. Huu ni msimu wa pili mshindani wangu mmoja anajua ninachofanya kabla sijakifanya. Nikipanga kuingia Kandete kesho, yeye ameshaingia leo jioni na ameongeza shilingi hamsini kwa kilo. Mbaya zaidi, mnunuzi wa nje niliyemfuatilia tangu mwaka jana ameniacha, na kwenye mazungumzo ya mwisho alinitajia gharama yangu ya kontena kama mtu aliyeiona kwenye karatasi zangu. Nina wafanyakazi kumi na wawili. Ninayemshuku ni mhasibu, na ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo silali vizuri. Sasa kuna kijana amenifuata, anasema aliwahi kuwa usalama. Kwa milioni nne ataniletea orodha ya simu za wafanyakazi wote, meseji zao za WhatsApp, na ataniwekea mtu ndani ya ofisi ya mshindani. Nimkubalie? Na huyo mshindani, sheria inamruhusu kunipeleleza hivi? Ndaga fijo."

Dada, pole sana. Kupoteza mzigo kunauma, ila kukaa ofisini ukimtazama mtoto wa dada yako kwa mashaka kila asubuhi kunauma zaidi, na nadhani hicho ndicho kilichokufanya uandike.

Nijibu kwanza lile lenye haraka. Huyo kijana usimpe hela. Usimpe nusu, usimpe hata ya kujaribu. Sababu nitazieleza huko mbele, lakini akikupigia leo mwambie hapana, na usimtajie jina la mfanyakazi wako hata mmoja.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Kwa maelezo yako yapo matukio mawili. La kwanza ni bei na ratiba ya vijijini kumfikia mshindani mapema. La pili ni gharama ya kontena kumfikia mnunuzi wa nje. Umeyapa mshukiwa mmoja kwa sababu yote yametokea kipindi kimoja na yote yanahusu hela, na mhasibu ndiye mtu wa hela. Nikiyatazama mimi naona kila moja lina njia zake, na wengi wanaolijua la kwanza hawalijui kabisa la pili.

Tuanze na bei ya shambani. Chukua siku moja ya ununuzi uifuate kwa saa. Alasiri unaamua kesho ni Kandete, na bei ni kiasi fulani. Unampigia wakala wako wa kijiji, maana bila yeye wakulima hawajiandai. Yeye anawapigia wachumaji, na wachumaji hawana mwajiri mmoja: wiki hii wako kwako, wiki ijayo kwa mwingine, na kiongozi wao ana namba za wanunuzi wote. Unakodi fuso, na mwenye fuso lazima ajue anakwenda wapi apange mafuta na aulizie barabara, mvua ya Rungwe unaijua. Kreti zinapakiwa uani mchana kweupe. Mtu anakwenda kutoa fedha. Na nikikisia vizuri, lipo kundi la WhatsApp la mawakala wako wote, ambalo jioni unatuma "kesho Kandete, bei ni hii", na inasomwa na mawakala wa vijiji vingine ambao hiyo kesho haiwahusu. Hadi saa moja usiku bei yako inajulikana kwa watu thelathini au zaidi, na hakuna hata mmoja uliyemwambia kwamba ni siri.

Mshindani anahitaji mmoja tu kati yao. Huenda hahitaji hata huyo, kwa sababu mkulima mwenyewe anampigia. Hapa nitasema jambo ambalo huenda lisikupendeze: mkulima akimwambia mnunuzi mwingine bei uliyomwahidi, hajakuibia. Anatafutia mali yake bei nzuri. Parachichi la Hass likikomaa haliivi likiwa mtini, linaiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo mwenye mti anaweza kulisubirisha wiki kadhaa huku akipiga simu. Kwa zao la namna hiyo habari ya bei haitatulia kijijini hata ukibadilisha wafanyakazi wote wa ofisi.

Liko na hili ambalo wafanyabiashara wengi hawalifikirii. Wewe na mshindani wako mnauza soko moja. Katikati ya mwaka matunda ya Peru yanapojaa Ulaya, bei inashuka kwenu wote wawili siku zilezile. Dola mnaibadilisha kwa viwango vinavyokaribiana, kontena la baridi mnalipia kwa kampuni zilezile. Watu wawili wakipiga hesabu moja kwa namba zilezile watafika karibu na jibu moja bila yeyote kumchungulia mwenzake. Halafu hiyo hamsini juu inanipa picha ya kanuni ya kibiashara: sikiliza aliyetangulia katoa ngapi, ongeza hamsini. Kanuni hiyo inahitaji simu moja ya mkulima, basi.

Nchi yetu ukiitazama kwenye ramani si ndogo. Lakini nchi ya wanunuzi wa parachichi wa Nyanda za Juu Kusini ni ndogo mno, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lako. Fundi anayewatengenezea kompyuta ni huyohuyo. Wakala wa forodha ni huyohuyo. Mwenye magari anawabeba nyote, mhasibu wa kukodi anafunga hesabu za kampuni tatu zinazoshindana, na Jumapili mnakutana kwaya moja. Mahali penye duru ndogo hivi, siri hutembea kwa undugu, ujirani na kazi za kila siku, na mara nyingi anayeipeleka hajui kama kapeleka siri. Upande wa pili wa udogo huo ni kwamba anayechunguza naye huonekana. Mgeni akikaa siku mbili ndani ya gari karibu na ofisi ya mtu pale Tukuyu, siku ya tatu mama ntilie anajua katumwa na nani.

La kontena ndilo ambalo lingenipa wasiwasi zaidi mimi. Nalo lisianze na mhasibu. Anza na aliyekupa bei. Kampuni ya usafirishaji au wakala wa forodha aliyekuandikia wewe kotesheni, huenda siku hiyohiyo amemwandikia mshindani wako kotesheni yenye namba zilezile, na mnunuzi akaziona kwenye profoma, yaani ankara ya awali, ya mwenzako. Au mnunuzi amekisia tu. Mtu anayepokea makontena kila wiki anajua kutoka Dar es Salaam hadi bandari yake ni kiasi gani, na kukutajia namba kwa sauti ya uhakika ni mbinu ya kawaida ya kushusha bei. Muulize kwa upole: hiyo gharama umeipata wapi? Wengine husema.

Baada ya hapo nenda kwenye barua pepe ya kampuni. Ingia kwenye mipangilio utafute kama kuna kanuni ya kupeleka nakala za barua kwenda anwani usiyoijua. Ni mlango unaopendwa kwa sababu ukishawekwa mara moja, hata ukibadilisha nywila nakala zinaendelea kwenda. Tazama pia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Kwenye simu ya ofisi fungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na hadi vifaa vinne vya ziada, na nimeshaona simu za kampuni zikiwa zimeunganishwa na kompyuta ya mtu aliyeacha kazi zamani. Ukiona usichokitambua, piga picha ya skrini kwanza, ndipo uking'oe.

Usisahau steshenari. Unapokwenda kuchapisha mkataba, unafungua barua pepe kwenye kompyuta ya duka, faili linashuka humo, unalipa, unaondoka. Faili limebaki pale, na anayekuja nyuma yako kuchapisha ni mfanyabiashara kama wewe. Karatasi nazo vilevile: profoma zilizokosewa zinatupwa, zinachukuliwa, zinafungia karanga. Kama unadhani natia chumvi, mwaka 2001 kampuni kubwa ya Marekani, Procter & Gamble, ilibainika kwamba watu waliolipwa kwa niaba yake walikuwa wakichambua takataka za ofisi ya mshindani wake Unilever huko Chicago, kutafuta mipango ya bidhaa za nywele. Wakubwa wa Procter & Gamble walipojua, wao wenyewe waliwaambia Unilever, na suala likaisha kwa makubaliano kati ya kampuni hizo mbili. Kampuni zenye fedha za kila aina zilikuwa zinatafutana jalalani, kwa sababu jalalani kuna mali.

Turudi kwa kijana. Orodha ya simu za mtu mwingine haiuzwi kihalali popote nchini. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawabana watoa huduma watunze siri za wateja, na vyombo vya dola huzipata kwa utaratibu wa kisheria. Kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila idhini, au kunasa mawasiliano yake, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa hiyo akikuletea orodha ya kweli, ameipata kwa kumhonga mtu au kwa kudukua, na aliyeagiza na kulipia ni wewe. Akikuletea ya uongo, huna pa kuihakiki. Jedwali la namba na saa linatengenezwa nusu saa kwenye kompyuta yoyote, na kwa kuwa tayari unamshuku mhasibu, anachotakiwa ni kujua jina lake tu ili akuuzie kile unachoogopa. Ndiyo maana nimekwambia usimtajie jina.

Huyo wa kupandikizwa kwenye ofisi ya mshindani ni hatari nyingine. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwa watumishi wa serikali. Kumpa mfanyakazi wa kampuni binafsi chochote ili atende kinyume na maslahi ya mwajiri wake ni rushwa, na TAKUKURU wanaweza kukufuata wewe kama wanavyoweza kumfuata yeye. Na kuhusu hilo la kuwa usalama: Idara ya Usalama wa Taifa imewekwa na sheria ya mwaka 1996 kwa ajili ya usalama wa nchi. Haikodishwi kufuatilia bei ya parachichi. Mtu anayelitumia jina hilo kukuuzia huduma, mchukulie kama tapeli mpaka athibitishe vinginevyo, na ikumbukwe kwamba kujifanya mtumishi wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Nikupe mfano wa mtu aliyekuwa mahali ulipo, mwenye uwezo kuliko sisi wote. Mwaka 2006 mazungumzo ya bodi ya kampuni ya Hewlett-Packard, huko Marekani, yalikuwa yakivuja kwa waandishi wa habari. Mwenyekiti wa bodi, Patricia Dunn, akaagiza uchunguzi. Wapelelezi wa kukodiwa wakazipigia kampuni za simu wakijifanya ndio wenye laini, wakapata orodha za simu za wajumbe wa bodi na za waandishi. Aliyevujisha alijulikana kweli. Lakini njia ilipofichuka, habari ikawa njia, mvujishaji akasahaulika. Dunn alijiuzulu Septemba mwaka huohuo na akafunguliwa mashtaka California, ambayo baadaye yalifutwa. Kampuni ililipa dola milioni 14.5 kumaliza madai ya jimbo hilo. Hao walifanikiwa kupata jibu sahihi, na bado ndio waliochafuka.

Mfano wa pili unafanana zaidi na mji wako kwa udogo wa duru. Mwaka 2019, benki ya Credit Suisse ya Uswisi ilimwekea wafuatiliaji Iqbal Khan, aliyekuwa anahamia kwa washindani wao UBS, ikihofia atachukua wafanyakazi na wateja. Khan akawaona mtaani Zürich, akawakabili. Uchunguzi wa benki haukukuta ushahidi kwamba alijaribu kumchukua yeyote. Mkuu wa uendeshaji aliyeagiza kazi hiyo akaondoka, na Februari 2020 mtendaji mkuu Tidjane Thiam, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, akajiuzulu ingawa uchunguzi ulisema hakujua. Zürich ni kituo kikubwa cha mabenki, lakini watu wa benki wa pale wote wanajuana. Tukuyu je?

Na liko jambo ambalo sheria haiwezi kukusaidia. Ukishamlipa huyo kijana, anakuwa na siri yako. Atajua ulimpeleleza mtoto wa dada yako, atajua ulilipa mtu ndani ya kampuni ya watu. Ofisi ya mshindani wako haiko mbali na yako.

Sasa mshindani: anaruhusiwa? Kuwauliza wakulima, ndiyo. Kukaa barabarani kuhesabu magari yako yanayopanda Uyole, ndiyo. Kukodi dereva uliyemwacha na kumsikiliza akisimulia ilivyokuwa, kwa kiasi kikubwa ndiyo, isipokuwa kama kuna mkataba wa kutunza siri alioutia saini. Kumlipa mfanyakazi wako wa sasa ili akusaliti, hapana. Kuingia kwenye barua pepe yako, hapana. Mpaka uwe na ushahidi wa hizo mbili za mwisho, alichokufanyia ni ushindani, na dawa yake iko upande wako.

Hiyo dawa inaanza na daftari, na hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu watu wengi huruka hatua hii wakaenda moja kwa moja kwenye kumtega mtu. Andika kila siku ya ununuzi ya msimu huu: kijiji, saa uliyoamua, nani uliyemwambia wa kwanza, nani wa pili, gari la nani, wachumaji wa nani, na kama mshindani alikutangulia. Ziandike zote, pamoja na siku ambazo hakukutangulia. Siku hizo ndizo zinazosema mengi, na ndizo ambazo kichwa kimeshazisahau, maana hakuna anayekumbuka siku iliyokwenda vizuri. Ukimaliza, soma kwa utulivu. Kama anakutangulia palipo na kiongozi fulani wa wachumaji na kwingine hakutangulii, ofisi yako haina tatizo. Kama anakutangulia kila unapokodi fuso la mtu fulani, umeshapata kiungo. Kama alikutangulia hata ile siku uliyobadilisha kijiji usiku wa manane na kumwambia mtu mmoja tu, hapo ndipo uanze kufikiria watu wa ndani.

Na mhasibu muweke kwenye daftari kama wengine. Jiulize: yeye huambiwa kijiji kabla ya ununuzi, au huona tu malipo baada ya mzigo kuingia? Kama huona baada, hawezi kuwa ndiye anayepeleka ratiba ya kesho, hata kama hampatani, hata kama karibuni amenunua simu mpya.

Mtego upo, na hutumika duniani kote: kila mshukiwa anapewa habari iliyotofautiana kidogo, kisha unasubiri kuona ipi imetokea upande wa pili. Unafanya kazi, lakini kwa masharti. Tumia habari ya kijiji au saa ya kuondoka, usitumie bei. Na kamwe usiwatangazie wakulima ununuzi usiokuwepo. Tunda likishachumwa halirudi mtini, na hasara ya mtego wako itakuwa ya mama mmoja mwenye miti kumi na mitano. Usiwape habari tofauti watu wanaokula meza moja, watalinganisha kabla ya chakula kuisha. Na tukio moja lisikutoshe. Mshindani naye ana sababu zake za kwenda Kandete siku hiyo. Rudia mpaka bahati isiweze kueleza.

Hata ukimpata mtu, usimfukuze palepale uani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki: aelezwe tuhuma, apewe nafasi ya kujibu, asikilizwe. Bila hivyo anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na swali la kwanza utakaloulizwa ni wapi uliandika kwamba taarifa hiyo ilikuwa siri. Nadhani hujaandika popote. Anza sasa: mkataba mfupi wa kutunza siri, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa wafanyakazi na mawakala wa vijiji, unaotaja kwa majina vitu gani ni siri. Ukisema kila kitu ni siri, hakuna kitakachotunzwa.

Kwa sababu siri zako hazina umri sawa. Bei ya kesho inahitaji kulindwa kwa saa kumi na mbili, kisha haina maana tena. Kwa hiyo punguza saa. Amua usiku badala ya alasiri. Mwambie kila wakala cha kijiji chake, kwa simu, na lile kundi la wote libaki la salamu na misiba. Mwenye fuso mwambie "upande wa Busokelo", kijiji atakijua asubuhi. Gharama zako na mazungumzo na wanunuzi wa nje zinahitaji kulindwa msimu mzima, na watu wawili wanatosha kuzijua. Halafu kuna orodha ya wakulima, yenye majina, namba za simu, akaunti na idadi ya miti. Hiyo ndiyo hazina yako kubwa kuliko bei, na sidhani kama umewahi kuiwazia hivyo. Isikae kwenye flashi ya mtu yeyote. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu wewe kama mkusanyaji wa taarifa hizo: unatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda. Sheria hiyohiyo ndiyo inayomlinda mhasibu wako dhidi ya yule kijana.

Wewe pia una haki ya kujua mambo ya mwenzako, na njia halali ni nyingi kuliko unavyodhani. Lipia taarifa za kampuni yake BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, uone wakurugenzi na wanahisa. Kwenye duru ndogo kama yetu, hapo ndipo mtu hugundua kwamba mwenye magari anayemkodi kila wiki ana hisa kwa mshindani, na mjadala mzima wa jasusi ukaisha dakika ile. Tafuta jina la kampuni hiyo TanzLII, ambako hukumu za mahakama zinasomwa bure: je, imewahi kudaiwa na wakulima au wasafirishaji? Fungua Trade Map ya kituo cha biashara cha kimataifa cha Geneva, tafuta bidhaa namba 080440 ambayo ni parachichi, uone nchi gani inauza wapi na kwa thamani gani. Na tembelea wakulima wakati hununui. Mkulima aliyekuona Desemba atakupigia wewe kwanza msimu ukifika, akwambie mwenzako katoa ngapi. Huo nao ni ukusanyaji wa taarifa, wa wazi kabisa.

Usije ukafikiria njia ya mkato ya kukaa naye chini mkubaliane bei au mgawane vijiji. Wazee wanaweza kuwasuluhisha kwa nia njema na mkatoka hapo mmevunja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza washindani kupanga bei. Tume ya Ushindani haitauliza kama mlikuwa na amani, na anayeumia ni mkulima.

Kuhusu msaada wa ana kwa ana, usingoje ukiona mojawapo ya mambo haya: kanuni ya kupeleka barua pepe usiyoiweka, laini yako ya simu kuhamishiwa kwa mtu mwingine, au fedha kutumwa kwa maelekezo ya barua ya kughushi. Usifute kitu, usipige kompyuta upya. Izime, ukatoe ripoti polisi. Kama una ushahidi wa mfanyakazi kulipwa na mshindani, nenda TAKUKURU wilayani na nyaraka zako. Kama kijana atabadilika na kuanza kukutishia, hifadhi meseji zake uzipeleke polisi pia. Kabla ya kumchukulia hatua mfanyakazi yeyote, zungumza na wakili. Mbeya wapo wengi, na jina lake unaweza kulihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujalipa.

Daftari lako likishafika mwezi mmoja, na saa umezipunguza kama nilivyokueleza, utaona kama bado anakutangulia. Kama bado, niandikie tena uniambatanishie jedwali. Majina ya watu yatoe, weka herufi tu, na herufi ya mhasibu usiniambie ni ipi.